Zdravka na Kisima cha Maji ya Njano

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Zdravka Penkova, mwanakemia, binti wa hapa hapa kijijini kwetu Gorno Vireno. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyetusafishia maji. Narudia kwa fahari: ndiye aliyetusafishia maji.

Mnakumbuka kile kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Sumu yake ilizama ardhini, kisima cha kijiji kikatoa maji ya njano. Wakubwa wakatuambia tuhame. Zdravka akakataa katakata. Akamimina ardhini dawa ya molasi, ile shira nyeusi ya sukari inayoua makali ya sumu, lita elfu kumi kwa mkupuo mmoja.

Mwezi haukuisha, kisima cha mdogo wake Nevena, kilichokuwa safi, nacho kikageuka njano.

"Dada, tulikuwa na kisima kimoja kibovu. Sasa tunavyo viwili. Hongera," Nevena alimwambia, akafunga mlango. Miaka miwili hawakusemeshana.

Zdravka hakujitetea. Alisimama mbele ya kijiji kizima akasema kosa ni lake. Dawa haikuchanganyika na sumu, iliisukuma tu mbele. Mchangani huwezi kuingiza mwiko ukakoroga, na dawa haifanyi kazi mpaka iiguse sumu.

Jibu alilipata jikoni, mama yao akipika banitsa, andazi letu la jibini la tabaka tabaka. Mama alitandaza unga aliokanda mpaka ukawa mwembamba, akaupaka jibini, akaukunja.

"Mama, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini? Digrii tatu, na banitsa hujui?"

Basi akafanya hivyo hivyo na maji. Sukuma maji ndani ya kisima hiki, yavute kwenye kile, kisha geuza. Maji yakatandazwa, yakakunjwa, dawa na sumu zikalaliana tabaka kwa tabaka. Zilipogusana, sumu ikapoteza makali, ikaganda mchangani. Ilichukua miezi kumi na minne.

Siku ya kufungua tena visima vile viwili, Nevena alikuja na glasi. "Anza wewe," akasema. Zdravka akanywa yote, akaomba nyingine. Nevena akacheka, wakakumbatiana.

Kwa Nevena na familia yote, poleni sana. Nasi tujiulize: nani kati yetu angesimama mbele ya majirani aseme, kosa ni langu, halafu abaki kulirekebisha?

Jana makaburini, watu walimimina divai juu ya kaburi lake kama ilivyo desturi. Nevena alileta chupa ya maji ya kisima chake.

"Leo naanza mimi, dada," akasema. Akanywa, kisha akammiminia yaliyobaki.