Vidonge vya Alionzi

Kwenye benchi la stendi ya bodaboda, pale barabara ya Abuku inapoingia mji wa Koboko, asubuhi hiyo walikaa watatu. Nafasi ya nne ilikuwa ya Alionzi, waliyemzika Jumamosi: ekzosi, bomba la moshi la pikipiki, ilimchoma mguu, kidonda kikamla. Acidri, anayeitwa Breki, hakutaka hata kuitazama nafasi hiyo. Kahawa ya Alphonsine, mchuuzi wa pale stendi, ilimshinda kumeza.

— Mguu tu! — alisema Okuonzi, askari mstaafu, Kanali kwa jina la kijiweni. — Mimi ilipigwa risasi mbili, iko hapa. Mguu inaua mutu namna gani?

— Mikrobi, Kanali, — alijibu Kambale, Mkongo muuza spea, aliyeitwa Profesa kwa kusoma hata magazeti ya kufungia maandazi. — Inaingia kwa kidonda, inazaa.

— Na askari ya damu ilikuwa wapi?

— Ilipigana. Lakini mikrobi ya siku hizi inavaa unifomu ya damu. Askari inapiga saluti, inaacha ipite.

— Basi iko na jenerali! Iko na redio! Inaita ingine kutoka Kongo!

— Kila ubaya Kongo! Ya kwenu Uganda inalala?

Siku nyingine Acidri angecheka mpaka amwage kahawa.

— Dawa Alionzi ilikula, — alisema polepole. — Siku ya pili maumivu iliisha.

— Si ndiyo ikaacha? — alisema Kanali. — Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dawa pia ni mgeni.

Moyo ulimuuma Acidri, maana yeye ndiye aliyeitoa methali hiyo siku maumivu ya Alionzi yalipoisha. Stendi yao ina desturi: mtu akirudi hospitali na dawa, wenzake huchukua vidonge viwili viwili vya akiba. Alionzi aliwagawia mwenyewe, huku akicheka.

Walipokuwa bado benchini, Lillian, dada yake Alionzi, alifika na pakiti ya dawa mkononi.

— Kaka zangu, mimi nauliza tu. Daktari iliandika siku saba. Alionzi ilikula siku mbili, kidonda ikarudi na nguvu, pakiti iko tupu. Dawa ingine ilienda wapi?

Kanali alikohoa. Acidri alishika mfuko wa shati. Vidonge viwili vya Alionzi vilikuwa bado humo, ndani ya karatasi.

Alphonsine aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Lillian akakaa kwenye nafasi ya nne, akawangoja.