Mwalimu Sahani na Sahani ya Saba

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi mjukuu nisimame mbele yenu niwasomee maisha ya bibi yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lake bali mlimwita Mwalimu Sahani, na tarehe zote mtakazosikia zimehakikiwa kwenye vyeti, mara mbili, isipokuwa ile ya kwanza, ambayo imetushinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1947 kwa mujibu wa cheti, na tarehe 2 Juni kwa mujibu wa mama yake mzazi, aliyekuwa akisema kwamba siku hiyo yeye alikuwepo na karani hakuwepo, na kwa kuwa marehemu hakupenda ugomvi lakini alipenda keki, alisherehekea siku zote mbili mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa wa tano kati ya watoto wanane wa baba fundi cherehani na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili na sufuria moja kubwa, ambamo wateja wa baba walipakuliwa kwanza, kisha baba, kisha wavulana, kisha wasichana, na mama akamalizia ukoko akiwa amesimama, akisema kwamba ukoko ndio anaoupenda, maneno ambayo marehemu aliyaamini kwa miaka mingi, mpaka alipokuwa na sufuria yake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1955 hadi Novemba 1961, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1962, ambako aliomba kemia akapangiwa Maarifa ya Nyumbani, akalia siku mbili mfululizo, na katika mtihani wake wa kwanza, Juni mwaka huo, alipata thelathini na moja kwa mia, kwa sababu keki yake iliungua yeye akiwa amesimama mbele ya jiko lenyewe, anasoma kitabu cha kemia alichokificha ndani ya aproni. Mwalimu wake hakumwadhibu, aliikata ile keki nyeusi katikati, akamwonyesha, akamuuliza, "Sasa binti, haya yaliyotokea humu ndani si kemia?" naye akaomba unga apike tena. Karatasi ile ya thelathini na moja aliitunza, na miaka mingi baadaye ilitundikwa juu ya ubao wa darasa lake mwenyewe, ili, kama alivyopenda kusema, wanafunzi wajue wanafundishwa na mtu wa namna gani.

Baada ya kumaliza sekondari mwaka 1965 alisomea ualimu kwa miaka mitatu, na Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1969 aliripoti kwenye shule ya sekondari ambayo hakuihama tena, akakabidhiwa chumba cha mwisho wa ukumbi, chenye majiko manane, meza sita ndefu, kabati la vyombo, na sinki mbili, moja ikivuja, na ikaendelea kuvuja mpaka 1991. Somo lilikuwa Maisha ya Familia, Lishe na Jamii, na kila kipindi, kwa miaka thelathini na minane, alianza kwa kuchora duara ubaoni na kusema, "Hii ni sahani, nani anakula, anakula nini, na nani hajala?" na kutokana na maswali hayo matatu alifundisha vitamini, ndoa, malezi, bei za sokoni, magonjwa ya watoto na haki za watu wazima, mambo ambayo wanafunzi waliyakumbuka kuliko walivyokumbuka jina lake.

Mwezi Machi 1970 jiko namba tano liligoma, akaitwa fundi umeme kijana, mpole, mwenye penseli sikioni, aliyelitengeneza siku ya kwanza kwa dakika kumi, kisha akarudi kulikagua mara nne, hata marehemu alipomwambia, "Fundi, jiko hili lina afya kuliko mimi na wewe, sema ulichokuja kusema," naye akasema, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970. Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, waliozaliwa 1972, 1974, 1977 na 1980, na mwaka 1981 mama mkwe wake akahamia kwao, nyumba ikawa na watu saba, naomba muikumbuke idadi hiyo.

Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa mtihani mkubwa kuliko wote, na huu haukuwa wa wanafunzi. Tarehe 9 Januari aliingia mwalimu mkuu mpya, mtu wa hesabu, mnyoofu, asiyependa mchezo, akapita kila chumba na daftari lake, alipofika chumba cha mwisho akatazama majiko manane na kusema, "Mwalimu, kupika hata mama yangu anajua, na hakusoma," akaeleza kwamba mwisho wa muhula somo hilo litafutwa, chumba kitakuwa stoo ya viti vibovu, na marehemu atakuwa msimamizi wa stoo hiyo, isipokuwa kama ataonyesha kwamba anafundisha jambo moja, moja tu, ambalo mtoto hawezi kulijua kwa kukaa jikoni na mama yake. Waliomjua wanasema hiyo ndiyo wiki pekee aliyosahau kula keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu, na fundi wake wa umeme alimkuta jioni moja anahesabu vijiko vya shule, kimoja kimoja, kama mtu anayeaga.

Ndipo akatunga kazi aliyoiita ramani ya chakula, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alitakiwa kuifanya nyumbani kwao kwa siku saba, bila kuuliza mtu na bila kumlaumu mtu, aandike tu nani amepakuliwa kwanza, nani amepata nini, nani amekaa na nani amesimama. Ili wasiogope, alianza yeye, akachora ubaoni meza ya nyumba yake jinsi ilivyokuwa jana yake, sahani ya mume, sahani ya mama mkwe, sahani nne za watoto, kila moja na kilichokuwemo, maharage, mboga, robo ya yai, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kwa kuridhika, na hapo binti mmoja mkimya, ambaye baba yake alikuwa ndiye mwalimu mkuu mwenyewe, akanyoosha mkono na kusema, "Samahani Mwalimu, ulituambia nyumbani kwenu mko saba, mbona sahani ni sita?"

Marehemu akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akafungua mdomo aseme kwamba yeye huwa anaonja onja wakati wa kupika, akajisikia ana sauti ya mama yake, akaufunga. Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye kiti, akasema, "Miaka kumi na mitano nawauliza watu nani hajala, kumbe ni mimi," akampa yule binti alama zote, na jioni akaisimulia meza nzima bila kujionea huruma, na kesho yake fundi umeme akarudi kutoka kazini na sahani ya bati ya rangi ya buluu, akaitangazia familia kwamba katika nyumba hii hakuna atakayeshika kijiko kabla sahani ya buluu haijajaa, na watoto, ambao ni wazazi na wajomba zetu, wanathibitisha kwamba sheria hiyo haikuvunjwa hata siku ya mtihani wa taifa.

Ijumaa tarehe 16 Machi mwalimu mkuu alikusanya madaftari yote thelathini na mawili akaenda nayo nyumbani kutafuta makosa, na moja lilikuwa la binti yake, aliyeandika kwa mwandiko mzuri kwamba katika siku saba nyumba yao ilikuwa na milo kumi na tisa, kwamba mama alikaa chini mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anachambua mchele, na kwamba baba aliomba chumvi mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja chumvi ilikuwa mezani. Hakuna anayejua Jumamosi na Jumapili ile zilipitaje, ila Jumatatu tarehe 19, kabla ya kengele, marehemu alimkuta mwalimu mkuu amesimama mlangoni kwake na madaftari mikononi, na baada ya kukohoa sana akasema, "Mwalimu, nimehesabu, naona hesabu ni sahihi, hivi mtu mzima anaweza kusoma somo hili?" naye akamjibu, "Nafasi ipo, Mwalimu Mkuu, lakini utaanza na vyombo." Somo halikufutwa, mwaka uliofuata liliwekwa kwa wavulana na wasichana, na viti vibovu vikatafutiwa mahali pengine, na ninayasoma haya kwa ruhusa ya mwalimu mkuu huyo mwenyewe, aliyekaa pale safu ya pili, na ambaye amenisahihisha kwamba chumvi ilikuwa mara kumi.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2007, akampoteza mwenzi wake tarehe 11 Oktoba 2015, akaendelea kila Jumamosi asubuhi kufundisha akina mama na akina baba wachanga sebuleni kwake, mpaka Agosti 2023 alipogundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akakatazwa chumvi. Alilazwa tarehe 21 Februari 2025, akawa kila muuguzi akija kumpima yeye anamuuliza kwanza kama amekula, na aliponikuta naandika tarehe hizi kando ya kitanda, nikihangaika na ile ya kwanza, aliniambia, "Mimi nimekatazwa chumvi, basi na wewe usinitilie chumvi kwenye historia yangu, na hiyo tarehe iache, karani na mama yangu wataimaliza wenyewe." Alifariki kwa utulivu Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu, na neno la mwisho alilotuambia lilikuwa swali, "Mmekula?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao kwa amri yake walianza kwenda kula kwa zamu, majirani waliopika tangu Jumanne bila kupumzika, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa miaka thelathini na minane, na kabla hatujatoka naomba nisome karatasi aliyoiacha, yenye mistari miwili tu, inayosema kwamba siku ya mazishi yake waliopika wakae chini wapakuliwe kwanza, na waliozoea kupakuliwa wawahudumie. Kwa hiyo akina mama mlioko jikoni, tafadhali vueni aproni mziache mlangoni, tayari wamejitokeza wa kuzivaa, sahani ya buluu itajazwa ya kwanza apewe jirani yetu aliyeinjika sufuria ya kwanza Jumanne, na Mwalimu Mkuu wetu mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na sita, ameomba kazi moja tu, ya kupitisha chumvi.

Tumehesabu, Mwalimu, na hakuna sahani iliyosahaulika, sasa na wewe kaa chini, upumzike kwa amani.