Uzito wa Mama Filimbi

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeipigania sheria yetu bungeni, karibu sana. Viti tumeazima darasa la kwanza. Tunaomba radhi kwa magoti yako.

TULIKOTOKA
Zamani tulikuwa raia wa kawaida, tukipuuzwa. Sasa ni maafisa wa jamii: tunapuuzwa tukiwa na sare. Sheria inaturuhusu kumuuliza mkosaji jina na kumwomba awasubiri polisi. Akikataa, tunamwomba tena. Kutumia nguvu ni marufuku.

MAFANIKIO
Vibaka wametuzoea. Mmoja hutuamkia kabisa, "Shikamooni, wakubwa," ndipo akimbie. Lakini watoto wa shule wanavuka barabara salama, na hilo tunajivunia kwa dhati.

CHANGAMOTO
Mwenzetu Mama Filimbi, mkubwa wetu kwa umri na kwa umbo, alikuwa akivusha watoto gari jeusi lilipowaingilia katikati. Likazimika hapo hapo, wengine wakiwa bado mbele yake. Dereva alinuka pombe.

"Jina lako, baba?"

"Unajua mimi ni nani?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza."

Akaanza kuliwasha tena. Mama Filimbi hakumgusa. Alikaa juu ya boneti, akapuliza filimbi mpaka polisi wakafika. Walimpigia saluti dereva, wakamwambia mama ashuke. Dereva alisindikizwa nyumbani akapumzike. Kamati ya nidhamu ilikagua boneti, ikaona imebonyea, ikaamua kwamba uzito wa mwenzetu ni nguvu. Amevuliwa sare. Jumatatu wanakutana kumfukuza.

MAOMBI
Tulitaka kuomba makoti ya mvua. Tumeghairi, tutalowa. Tunaomba Mama Filimbi arudishiwe kazi, na sheria iseme wazi kama afisa wa jamii anaruhusiwa kukaa.

Yupo hapa, nyuma kabisa, na gauni lake la nyumbani. Tulimsihi aje mbele, akasema, "Someni tu, wanangu, msije na nyinyi mkafukuzwa."

Sasa inafuata picha ya pamoja. Mheshimiwa, tunaomba umwite asimame kando yako, kamati wamwone pichani. Usipomwita hatutanuna. Tutakwenda kusimama naye kule nyuma, wewe utapigwa picha peke yako.

Mungu akupe afya, na wajukuu wako wavuke salama kila barabara.

Ni sisi,
Maafisa wa Jamii, Kikosi cha Kivuko cha Shule