Kivuli cha Miti ya Clement Kingazi

Ndugu waombolezaji, kazi hii si yangu, nami niliikataa mara mbili kabla mchungaji hajanibembeleza, maana kwetu historia ya marehemu husomwa na mdogo wake, na mdogo wake yupo, amekaa kule nyuma karibu na mlango, anasema koo limemkauka, basi wakaniletea karatasi mimi mama mzazi, niliyeishia darasa la nne, nisimame mbele ya madaktari na wahandisi nisome habari za mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nitasoma nijuavyo, na wewe Elsa, mjukuu wangu, usininong'oneze Kiswidi hapo mbele.

Marehemu Clement Kingazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Mlalo, Lushoto, akiwa mtoto wa kwanza, akafuatiwa baada ya miaka sita na Anselmo, huyo wa mlangoni, ambaye Clement alimbeba mgongoni mpaka majirani wakaniuliza nimezaa kwa ajili ya nani. Alisoma shule ya msingi palepale Mlalo, 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari mjini Lushoto, kisha akaenda Morogoro kusomea misitu, akamaliza mwaka 1997, na siku aliponiambia anasomea miti nilimuuliza miti imeanza lini kulipa mshahara, akacheka, kwani alikuwa mtu wa kucheka, ninyi mliomjua mwishoni hamkumpata.

Alifika Stockholm Agosti 2001 kwa masomo ya juu, akaajiriwa kuwa mtafiti, na tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na Benedicta, muuguzi wa hospitali kule Flemingsberg, mwanamke mvumilivu, maana si kila mke angekubali kupelekwa fungate akashikishwe kamba ya kupimia unene wa miti. Walijaliwa Elsa mwaka 2006 na Jonas mwaka 2009, na mwaka uliofuata, baba yake Clement alipofariki, akaniita nije Hagsätra, mtaa wetu huu wa Stockholm, kulea wajukuu, nikalea, na hadi leo nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi.

Kazi ya maisha yake ilikuwa mti waitao bok, mti wa gome la kijivu, jembamba na laini kama ngozi ya mtu, ambao misitu yake iko kusini mwa nchi hii na huku Stockholm ni michache ya kupandwa. Alipata kundi la miti hiyo, mizee, kwenye shamba la mzee mmoja wa Kiswidi nje ya mji, akaiangalia miaka na miaka, akitufundisha mezani hata kama hatukuuliza, kwamba joto linapanda, ukame umeanza kuitesa kule kusini, msitu utalazimika kuhamia huku, lakini mbegu zake nzito huanguka miguuni pa mama, hazipandi ndege kama sisi, hivyo hii michache iliyokwisha kuzoea baridi ndiyo itakayokuwa wazazi wa msitu wa kesho. Alisema pia kwamba siku hizi joto linawahi, majani yanadanganyika yanatoka, halafu mwezi Mei jalidi, ule umande ulioganda, inarudi kuyaunguza. Kiangazi cha 2018 majani yalikuwa kahawia mwezi Julai, na Clement alikonda kuliko miti yenyewe, lakini ilipona, kwa sababu upande wa kusini ilikingwa na safu ya misonobari.

Februari 2021 misonobari michache iliyoliwa na wadudu ilitakiwa kuondolewa, Clement akiwa safarini, akamtuma Anselmo, aliyekuwa amemfuata huku, ambaye kazi yake ni kukata miti kwenye bustani za watu, akamwambia kata yenye utepe mwekundu tu. Anselmo aliikata, kisha akaona pale pangefaa kuchomea nyama ya chama chetu cha Watanzania wa huku siku ya Midsommar, sikukuu yao ya kiangazi mwezi Juni, akafikiri na miti ya bok itafurahi, kwa kuwa mahindi ya Mlalo ukiyafungulia jua yanashukuru, akalaza safu nzima. Mzee Mswidi alipata mbao, ninyi mlipata nyama, na James, mwenyekiti wetu, alipiga makofi akisema, "Anselmo, wewe ni moto, hapa sasa ni uwanja!" Clement alisimama kando na sahani asiyoila, akapapasa gome, akamwambia mdogo wake, "Umeivua nguo."

Mti uliozeekea kivulini ukiuanika ghafla huungua gome, likapasuka, uyoga ukaingia, vilele vikakauka kimoja kimoja, na ndugu hawa hawakusemeshana tena, Krismasi nikawa napika mara mbili, mmoja ale mchana mwingine jioni, wasikutane mlangoni.

Oktoba 2023 Clement aligundulika ana saratani ya kongosho. Vuli ya 2024 mti wa mwisho, nusu yake mkavu, ulizaa mbegu kupita kiasi, kama mgonjwa anayegawa vitu vyake, na Clement, asiyeweza tena kuinama, akamwita Anselmo, si kwa msamaha, kwa kazi. Anselmo alisubiri foleni miaka mingi kupata kile kibustani cha kukodi, kolonilott, anacholima mchicha, na Clement akamwambia, "Ng'oa mchicha wote, panda mbegu zangu kwenye vyungu, weka wavu wa kivuli, na zikiota, mwezi Mei wote hutoki hapo."

Clement alifariki tarehe 29 Aprili 2025, Benedicta akimshika mkono, miche ikianza kutoboa udongo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Hagsätra mlioleta vyakula hata vile tusivyovijua, na watafiti wenzake mliokuja leo na viatu vya msituni.

Kesho tunaondoka na jeneza kwenda Mlalo, Benedicta, watoto na mimi. Kwetu mdogo wa marehemu ndiye hubeba msalaba mbele ya jeneza, na juzi Anselmo aliniuliza kama anaweza kuja akazike, arudi haraka, nikamwambia akatazame kipimajoto dirishani, akatazama, akaona jalidi inakuja usiku, akaenda kutafuta mablanketi ya kufunika miche. Msalaba ataubeba Jonas.

Lala, mwanangu, umechoka. Usimtafute mdogo wako pale kaburini, hatakuwepo, yuko na miche yako.