Zinki ya Bati, Zinki ya Mwili

Fundi bati alikuwa anasinzia kwenye basi. Aliposikia neno "zinki" kutoka kiti cha mbele, usingizi ukaruka.

Mnyanyua vyuma alikuwa akimwonyesha nesi kopo la vidonge. "Dada, zinki si inapandisha homoni za kiume?"

"Kama imekupungukia, huenda. Kama unayo ya kutosha, unamwagia maji pipa lililojaa."

"Sasa nitajuaje?"

"Kwani misuli hiyo haikutoshi, kaka?"

"Misuli ninayo," akanong'ona. "Natafuta mtoto."

Basi likafika kituo cha mwisho. "Kapimwe, na mkeo pia!" nesi akasema, akashuka mbio.

Mnyanyua vyuma akageuka. "Mzee, umesikia. Nimeze, nisimeze?"

"Mwanangu, zinki ninayoijua mimi inazuia bati lisishike kutu." Fundi akaitazama mikono yake. "Ila nina watoto tisa."