Mkuyu wa Batholomeo

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, ndugu na majirani mliokesha nasi hapa Kikuyu, familia imemtuma Joel Noeli, shemeji wa marehemu, awasomee historia hii, naye anaomba mumvumilie, maana sauti imekauka na sote tumechoka.

Marehemu Batholomeo Ignas Edward alizaliwa tarehe 24 Agosti 1962 katika kijiji cha Farkwa, ambako sasa ni Wilaya ya Chemba, akiwa kitinda mimba wa mzee Ignas na mama Anitha. Mama yake alifariki mwaka 1969, mwaka wa njaa, akabaki mikononi mwa dada yake Germana, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miaka kumi na sita, na huyo ndiye aliyekuwa akimpakulia mdogo wake kwanza, mwenyewe akakomba sufuria. Hadi leo ukiacha chakula mbele ya dada Germana atakuuliza nani kakuudhi.

Alisoma shule ya msingi hapo Farkwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, sekondari Kondoa hadi 1980, kisha akachukua mafunzo ya upimaji ardhi Morogoro, na mwaka 1984 akaajiriwa serikalini kama fundi msaidizi wa upimaji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Agosti 2022. Alifunga ndoa takatifu na Emiliana Noeli tarehe 6 Oktoba 1990, wakajaliwa watoto watatu, Violeth, Edward na Ruthu.

Sasa hiyo miti mnayoulizana, mliyoiona kwenye masinia na makarai pale ukutani, ilianza mwaka 1997 huko Kongwa, marehemu alipokuta mche wa mkuyu umeota kwenye ufa wa sakafu ya jengo bovu la enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, mwembamba kama kidole gumba lakini umeshazeeka, akaubandua kwa patasi, akauviringisha kwenye shati lililoloweshwa maji, akaja nao kwenye basi akiwa na fulana, na Emiliana alipouona alidhani mumewe ameanza mambo ya waganga. Tangu hapo kila alikotumwa kupima viwanja alirudi na kamche, na kule Mtumba, ambako yeye alipigilia vigingi na greda likaja nyuma yake, alikuwa anambembeleza dereva amngoje ang'oe kwanza. Mingi ilikufa, tusidanganyane. Iliyobaki aliipunguza mizizi, akaifunga waya, akaikata vichwa mwaka baada ya mwaka ili ibaki midogo yenye sura ya mti mkubwa, na kwa kuwa maji ya hapa ni ya chumvi aliitunzia ya mvua kwenye tenki, wakati mkewe akihangaika na ndoo, na mama huyu alimwambia waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba amechoka.

Julai 2024 marehemu aligundulika figo zake zimeshindwa kazi, akalazwa, na dada Germana akatoka Farkwa kuja kuangalia nyumba. Akawa peke yake na ile miti. Akauona ule mkuyu wa Kongwa, mti uliotunzwa miaka ishirini na saba na bado haufiki goti la mtu, umefungwa waya kama mbuzi, unapewa udongo wa kiganja na maji ya kikombe, roho ikamuuma, akaona hapa kuna kiumbe kinanyimwa chakula. Basi akakata waya, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akajaza samadi, akaupanda, akaumwagilia kwa furaha kabisa, akasubiri mdogo wake arudi amshukuru.

Marehemu alirudi Agosti, akauona, akamwambia dada yake mbele ya majirani kwamba amemuulia mtoto na asimwone tena hapa. Germana alifunga kanga zake akaenda stendi peke yake. Alipopiga simu, marehemu alimpa mkewe apokee.

Alikuwa akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, anarudi hoi, na Novemba mwaka jana, joto lilipozidi na bati likawaka, aliomba atolewe kiti nje, na kivuli pekee katika ua huu kilikuwa cha mkuyu ule, umeshalipita dirisha. Alikaa pale hadi jioni, akacheka mwenyewe, akamwambia mkewe kwamba dada amemshinda. Kuanzia siku hiyo hakukaa kwingine. Emiliana alimsihi apige simu, akakataa, akasema dada aliyekulea haombwi radhi kwa simu, unamfuata kwake, unamwamkia, ndipo unasema, akapanga aende Krismasi, nguvu zikagoma, akapanga Januari, hali ikawa ileile. Mwisho akatuma dada aitwe. Tarehe 11 Februari 2026, saa tisa alasiri, Germana akiwa bado njiani, marehemu alifariki dunia hapa nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wafanyakazi wenzake wa zamani, jumuiya yetu ndogondogo, na jirani yetu mama Amina, aliyetugawia maji bila kuombwa kila bomba lilipokauka. Ile miti mingine, Emiliana anasema anayeitaka aje aichukue baada ya arobaini, ila ajue ni kumwagilia kila siku, asije akairudisha.

Limebaki moja, nalo ni agizo la marehemu, kwamba kwa kuwa alimfukuza dada yake mbele ya watu, kama hatawahi kwenda Farkwa basi asemewe mbele ya watu. Dada Germana, tangu ufike umepika, umeosha vyombo, umelala sebuleni, na hujathubutu kuzunguka nyuma ya nyumba, wote tumekuona. Mdogo wako anasema shikamoo. Anasema nisamehe, kile kivuli nilikikalia mimi. Kiti hatujakiondoa, tukitoka makaburini nenda ukakae.

Nawe Batholomeo, umefika, dada yako amesikia. Lala, baba, upumzike kwa amani.