Aliyesikiliza Mchanga wa Nakitandi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Kama unabangua korosho, kama uko safarini, kama umekaa peke yako na redio yako, tega sikio kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Restuta Nandonde. Bi Restuta Nandonde wa Mingoyo, pale njia panda. Amefariki wiki iliyopita nyumbani kwake, na amezikwa hapohapo Mingoyo, kando ya mumewe, Fidelis.

Wengi walimjua kama mama wa samaki. Ndiye aliyekaanga samaki na mihogo kituoni, mabasi ya Mtwara yanaposimama. Mkimya. Unanunua, anakufungia, anakushukuru, basi. Wasichojua wengi ni kwamba mama huyu zamani alikuwa mtafuta dhahabu. Narudia, wasikilizaji. Bi Restuta alikuwa mtafuta dhahabu, na kazi hiyo aliifanya kwa masikio yake.

Alizaliwa juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, siku zile maji yalipokuwa yakifuatwa bondeni, mtu anaondoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Mdogo wake, Bi Consolata, anakumbuka vizuri.

"Dada alikuwa anaimba njia nzima, ndoo kichwani," anasema Bi Consolata. "Maneno hayamwishi. Huyo mkimya mliyemjua ninyi ni mwingine."

Akaolewa na Fidelis, kijana wa hukohuko uwandani, wakashuka Mingoyo kutafuta maisha. Fidelis alipata kazi kwenye shamba la mkonge. Aliwekwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Aliyewahi kusimama karibu na korona anajua kelele zake. Fidelis alisimama hapo miaka mingi, na kelele zile zikamla masikio. Ukimwita kwa nyuma, hageuki. Ukitaka akusikie, umguse bega.

Ikaja miaka ya ruksa. Mnaikumbuka. Sabuni zikarudi madukani, vitenge vikajaa, mitumba ikaingia, kila mtu akaambiwa afanye biashara. Lakini mkonge ulikuwa unakufa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Fidelis na wenzake wakaitwa, wakaambiwa wapumzike. Ndilo neno lililotumika. Wapumzike. Akarudi nyumbani na gwanda lake la kazi, akakaa barazani.

Ndipo akapita mgeni mmoja, mtafiti wa madini, akihitaji watu wa kubeba mizigo. Fidelis akaenda naye bara, mbali kabisa na barabara kuu ya Nangurukuru, kwenye makorongo yanayokauka mvua zikikatika. Mgeni yule hakupata alichokuwa akikitaka. Fedha zikamwishia, na siku ya kuondoka akamlipa Fidelis kwa kile alichokuwa nacho mkononi, yaani mashine yake.

Niwaelezee mashine hiyo. Ni mpini mrefu, na mwisho wa mpini kuna sahani pana. Unaipitisha sahani juu ya ardhi, taratibu, kama mtu anayefagia bila kugusa vumbi. Masikioni umevaa hedifoni. Chini kukiwa na chuma, au shaba, au dhahabu, mashine inalia.

Fidelis akaja nayo Mingoyo begani. Bi Restuta akaitazama.

"Sasa hii tutaipika?" akauliza.

Fidelis akacheka. Akafukia hereni ya mkewe uani, akavaa hedifoni, akapitisha sahani. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Hereni ilikuwa inalia chini yake, yeye hasikii, maana korona ilikuwa imeshachukua sauti zote nyembamba. Akavua hedifoni, akampa mkewe. Bi Restuta hakufika mbali. Akasimama.

"Iko hapa," akasema. "Inalia kama mbu aliye chumba cha pili."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Mume hasikii, mke anasikia. Mke akawa masikio, mume akawa mikono. Binti yao, Helena, akaachwa kwa mama yake mdogo, Consolata, na wao wakaenda Nakitandi.

Nakitandi ni korongo. Masika linapita maji, kiangazi linabaki mchanga mtupu, mweupe, mpana, hakuna mti wa kukupa kivuli. Wachimbaji walipaita Jangwani. Jua la pale linapiga kutoka juu na linapiga tena kutoka chini. Kingo za korongo zimesimama wima kama kuta, nazo ni mchanga vilevile, umeshikana kwa unyevu kidogo tu. Humo ndimo vilipopatikana vipande vya dhahabu, vilivyoburutwa na maji ya miaka isiyojulikana.

Hawakupokewa vizuri. Wachimbaji wana imani zao. Mmoja akasema wazi, "Mwanamke akikanyaga hapa, dhahabu inazama."

Aliyemjibu alikuwa Dadi. Dadi ni Mmwera, mwenyeji wa vijiji vya karibu na hapo, kijana wakati ule, na ndiye aliyekubali kuchimba pamoja na Fidelis. "Mbona mnachimba kila siku na mwanamke hayupo," akasema, "na bado imezama?" Watu wakacheka, mambo yakaisha.

Bi Restuta akatembea. Asubuhi mpaka jua kali, na jioni tena. Mashine ililia mara nyingi kwa vitu vya bure. Msumari. Kizibo cha soda. Kopo la samaki. Kipande cha jembe la mtu aliyekufa zamani. Kila ikilia, Fidelis anapiga magoti na kufukua, na kila wakikuta takataka anaitia mfukoni isije ikawasumbua tena. Kisha siku moja ikalia kwa namna nyingine, laini, ya mviringo. Fidelis akafukua, akachekecha mchanga kiganjani, kikabaki kipande cha manjano kama punje ya hindi. Dadi akasema, "Alhamdulillahi." Fidelis alikishika kiganja cha mkewe, akaweka kipande humo, akakifunga.

Walipata na vingine, si vingi. Vilitosha kuezeka nyumba ya Mingoyo kwa bati na kumpeleka Helena shule. Bi Restuta, kwa maelezo ya binti yake, aliipenda kazi ile. Alipenda kuvaa hedifoni na kusikia ardhi peke yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawaomba mnivumilie. Tunafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi kingine, miaka hiyohiyo ya tisini. Bi Restuta alikuwa akipita chini ya ukingo mrefu wa korongo. Mashine ikalia, sauti nene, ya chini, ambayo hajawahi kuisikia. Fidelis na Dadi wakaanza kuchimba. Wakaingia ndani ya ukingo, chini yake. Wakatoka wakamtazama. Akapitisha sahani.

"Bado," akasema. "Iko chini zaidi. Ingieni kidogo tena."

Wakaingia. Mara mashine ikanyamaza, betri zimekwisha. Akaenda kwenye turubai lao kuchukua nyingine. Alikuwa ameinama anazitafuta aliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Alimwambia Helena kilikuwa kama gunia linalotuliwa chini.

Aliporudi, ukingo haukuwapo. Ulikuwa umelala, sehemu ndefu, kama nyumba kadhaa zilizopangana. Mahali alipowaacha hapakuonekana tena. Wachimbaji walikuwa wameshakimbilia, wanafukua huku, wanafukua kule, na kila wakitoa mchanga mwingine unateremka kujaza.

Bi Restuta hakupiga yowe. Akatia betri. Akavaa hedifoni. Kisha akawaambia wale wanaume, kwa sauti ya kawaida:

"Tupeni mabeleshi mbali. Na sululu, na mapanga. Vueni mikanda. Kisha nyamazeni."

Walitii. Wanaume wazima walisimama pembeni wameshikilia suruali zao kwa mikono. Na yeye akatembea juu ya mchanga ule, polepole, kama siku zote.

Mashine ikalia.

"Hapa," akasema.

Wakafukua kwa mikono na kwa vipande vya mbao. Kikaonekana kiatu. Ukaonekana mguu. Wakavuta. Mtu alikuwa anapumua, mdomo umejaa mchanga, mguu mmoja umevunjika, beleshi limembana kifuani. Alikuwa Dadi.

Mmoja wao akainua macho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, siye."

Bi Restuta akaitikia kwa kichwa. Akarudisha hedifoni masikioni, akaendelea kutembea.

Alitembea kitambo. Mashine ilipolia mara ya pili, wakafukua, wakakuta karai limelala kifudifudi. Chini ya karai alikuwapo Fidelis. Hakuwa anapumua.

Wakamtoa. Wakaondoa karai, wakaondoa sululu yake, wakamlaza kwenye turubai. Bi Restuta alikuwa bado amesimama palepale, mashine mkononi. Haijulikani kwa nini, akapitisha sahani mara moja tena juu ya shimo. Ikalia. Sauti nene, ya chini, ileile ya asubuhi.

Mchimbaji mmoja aliona uso wake, akauliza, "Mama, bado kuna mtu?"

"Hapana," akasema. "Hakuna mtu." Akaizima.

Wasikilizaji wapendwa, kile kilichokuwa kinalia pale Nakitandi hakijachimbwa. Au kama kimechimbwa, Bi Restuta hakujua, wala hakuuliza. Mashine alimpa mtu wa kwanza aliyeiomba. Walirudi Mingoyo na maiti kwenye lori la magunia, na tangu Nangurukuru mpaka nyumbani hakutamka neno.

Bi Consolata ndiye aliyempokea. "Tulimngoja alie," anasema. "Wanawake walikaa naye, wakamwimbia, wakamkumbatia. Dada akauliza kama wageni wamepata chai. Mimi nikaogopa. Nilimwambia, dada, lia. Akaniambia, 'Sioni pa kuanzia.'"

Hakulia kwenye mazishi. Hakulia arobaini. Alirudi kituoni, akawasha jiko, akakaanga samaki. Wapo waliosema hakumpenda mumewe. Wapo waliosema ameficha dhahabu. Aliyasikia yote, maana masikio yake yalikuwa mazima. Akaendelea kugeuza samaki.

Helena, ambaye sasa ni mwalimu mjini Lindi, anasema alikua na mama aliyefanya kila kitu. Alipika, alifua, alilipia shule, alihudhuria vikao. "Lakini alikuwa kama mtu anayenisikiliza akiwa nyuma ya ukuta," anasema Helena. "Nilipokuwa mtu mzima ndipo akanisimulia. Alisimulia kama habari ya mtu mwingine. Mwisho akasema, 'Mimi ndiye niliyesema chini zaidi.' Nikamwambia, mama, haikuwa kosa lako. Akasema, 'Najua.' Akaendelea kuchambua mchicha."

Dadi alipona, ila anachechemea. Kila baada ya mavuno alikuja Mingoyo na ufuta, au korosho, au kuku. Anapiga hodi, anaamkia, anakaribishwa, wanakaa barazani. Dadi alimwita shemeji. Mambo ya Nakitandi hawakuyataja, miaka na miaka. Kisha safari moja, wote wawili wakiwa na mvi, Dadi akauliza. Nimeongea naye, naye ameniruhusu niwaambie.

"Shemeji," alimwambia, "siku ile mlipofukua mkanikuta mimi kwanza, ulijuta?"

Bi Restuta akamsogezea bakuli la chakula.

"Nilisikia chuma tu, Dadi," akasema. "Chuma hakina jina."

Dadi akainamisha kichwa. Baadaye kidogo Bi Restuta akaongeza, "Lakini nilifurahi mtu mmoja anapumua. Sikuweza kukuonyesha. Mpaka leo siwezi. Kula, chakula kinapoa."

Wiki iliyopita Dadi alikuja tena Mingoyo. Safari hii alikuja mazikoni. Alisimama na waumini wa kanisa, kofia mkononi kwa heshima, mzee wa Kiislamu peke yake upande ule. Vijana wakaanza kujaza kaburi kwa mabeleshi, kwa haraka, kama vijana wanavyofanya jua likiwa kali. Dadi akasogea mbele, akamshika mmoja mkono.

"Taratibu, wanangu," akasema. "Mchanga ni mzito."

Vijana wakatazamana. Hawakujua anasema nini. Lakini wakapunguza, na yeye akapiga magoti kwa shida, kwa ule mguu wake, akaanza kuteremsha mchanga kwa viganja. Helena akapiga magoti kando yake. Kisha Bi Consolata. Walifukia hivyo mpaka mwisho, na hakuna aliyewaharakisha.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Bi Restuta Nandonde. Alikuwa mama wa samaki wa Mingoyo, na kabla ya hapo alikuwa masikio ya mumewe. Alimtoa Dadi mchangani akiwa hai, na Fidelis akamtoa akiwa amekwisha kufa, siku moja, kwa mashine moja.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, tunampa pole Mwalimu Helena. Tunampa pole Bi Consolata. Tunampa pole Mzee Dadi, ambaye pengine hakutajwa kwenye matangazo ya msiba, naye amefiwa. Mwenyezi Mungu awape subira, na ampumzishe marehemu.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi dogo. Kwenye msiba utakaokwenda, utamkuta mtu ambaye halii. Anaulizia chai, anapanga viti, macho makavu. Usimpime. Usimwambie alie. Tafuta mahali karibu naye, ukae. Hata akichukua miaka bila kusema neno, wewe kaa.